Degedege la upande mmoja lisiishie kwenye vidonge

Mhariri,

Kila Februari, Siku ya Kifafa Duniani inapofika, magazeti yetu hufanya kazi nzuri ya kukanusha imani za mapepo. Naomba nafasi nitaje chanzo kimoja cha kifafa kinachosahaulika: hitilafu za mishipa ya damu ya ubongo.

Kwa kawaida damu ya ateri (mishipa itoayo damu moyoni) hupita kwenye kapilari nyembamba kabla ya kuingia kwenye vena (mishipa irudishayo damu moyoni). Kwa baadhi ya watu kapilari hizo hazipo katika sehemu fulani ya ubongo, hivyo damu huingia kwenye vena moja kwa moja kwa presha kubwa. Wengine wana vifundo vya mishipa dhaifu vinavyovuja kidogo kidogo, na madini ya chuma ya damu hiyo huchokoza seli za ubongo. Degedege, yaani mtikisiko wa mwili usiozuilika, huweza kutangulia miaka mingi kabla mshipa haujapasuka. Nimemwona kijana ambaye kidole gumba cha kushoto kilianza kucheza chenyewe, kisha mkono mzima, kisha mdomo ukavutwa upande, naye akili zake timamu. Ndugu wakamnusisha kitunguu.

Naiomba Wizara ya Afya ielekeze kwamba mtu mzima anayepata degedege kwa mara ya kwanza apewe rufaa ya kipimo cha MRI (picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku), na gharama ziingizwe kwenye utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. CT-Scan ya kawaida (picha ya eksirei ya kompyuta) huweza kuzipita hitilafu hizi bila kuziona. Na anayesubiri kipimo asiache dawa zake.

Msomaji,
Morogoro