Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Uganda: tutajie wenye benki

Mheshimiwa Gavana,

Pokea salamu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda.

Mtu wa soko akienda kukopa hapa, benki humtaka kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), wadhamini, picha za pasipoti na, mkopo ukiwa wa maana, hati ya ardhi yenye ridhaa ya mke au mume. Afisa mikopo huja mpaka kibandani, akakipiga picha, akahesabu marobota ya mitumba, kisha akamuuliza jirani pembeni kama huyu hulipa madeni. Sina ugomvi na hayo. Anayetoa fedha zake lazima ajue anampa nani. Na sisi tunaoweka amana je?

Hesabu za benki hutoka gazetini mara moja kwa mwaka, kwa herufi za kuumiza macho. Faida utaiona, na mikopo isiyolipika utaiona. Mwenye benki humwoni. Ukidadisi utatajiwa kampuni, na nyuma ya kampuni hiyo kuna nyingine iliyosajiliwa ng'ambo.

Sheria ya Taasisi za Fedha ya 2004 inamkataza mtu mmoja, au kampuni iliyo mikononi mwake, kumiliki zaidi ya asilimia 49 ya benki. Ni kifungu kizuri, lakini kina faida gani kama hisa zinaweza kushikwa kwa jina la mwingine?

Hilo si jambo la kudhania. Uganda Commercial Bank, benki ya serikali iliyofika hadi vijijini, ilipouziwa hisa asilimia 49 kampuni ya Westmont ya Malaysia, ilikuja kubainika kwamba nyuma ya mnunuzi ilikuwapo Greenland Bank, iliyoongozwa na Suleiman Kiggundu, mtu aliyewahi kukalia kiti hicho chako. Salim Saleh, ndugu wa Rais, alikiri kuhusika, na Desemba 1998 akaachia wadhifa wa mshauri wa Rais. Greenland ikafungwa 1999. Waliopanga foleni nje ya milango ile hawakuwa kina Saleh. Yeye miaka ya baadaye alikabidhiwa uratibu wa Operation Wealth Creation, mpango wa serikali wa kuinua kipato cha wananchi.

Nikubali kwamba mamlaka yako hayakuwaogopa wakubwa kila mara. National Bank of Commerce ilifungwa 2012 huku Amama Mbabazi, mmoja wa wanahisa wake, akiwa Waziri Mkuu. Ikapewa Crane Bank ya Sudhir Ruparelia. Miaka 4 baadaye Crane nayo ikachukuliwa, na Januari 2017 ikaenda kwa benki ya dfcu. Benki Kuu ilimshtaki Ruparelia kwa jina la Crane ikidai mabilioni, naye akakana. Mahakama ikaitupa kesi 2019 kwa hoja kwamba benki iliyokwisha kuwekwa mikononi mwa Benki Kuu namna ile haiwezi kushtaki. Nani alichukua nini, halikusikilizwa. Na kamati ya Bunge ya COSASE ilipochunguza ufungaji wa benki 7, ikakuta kumbukumbu muhimu hazipo.

Huku kijiweni vijana hutazama video zinazosema kuna ukoo mmoja wa Ulaya unaomiliki benki kuu za dunia nzima, na yetu ikiwemo. Ni upuuzi, Benki Kuu ya Uganda ni mali ya serikali. Lakini nikimweleza hivyo kijana wa boda ananiuliza: na hii ya kibiashara unayoweka pesa zako, ni ya nani? Hapo nakosa jibu.

Kwenye kaunta kuna tangazo la Mfuko wa Kulinda Amana: benki ikianguka, nitalipwa mpaka shilingi milioni 10. Agiza pembeni yake ibandikwe karatasi ya pili, yenye majina ya watu, si ya kampuni, wenye asilimia 5 na kuendelea. Nani kati yao ni jamaa wa waziri, mbunge au jenerali. Na wao na jamaa zao wamekopa kiasi gani humo humo. Marekebisho ya Sheria ya Makampuni ya 2022 tayari yanazidai kampuni zitaje wamiliki wake halisi, kwa hiyo kazi ya kuwatafuta haianzi sifuri. Ibara ya 162 ya Katiba nayo inasema katika kazi zako hupokei amri ya mtu yeyote. Ruhusa ya Ikulu huihitaji.

Wasalaam,
Mfanyabiashara wa mitumba, Busia