Barua kwa mdogo wangu: zile karatasi hazikuwa takataka

Mdogo wangu,

Nimeiona picha ya bizimu la fedha la mkanda wa Babu uliyonitumia, linang'aa kama sufuria ya dukani. Najua umelisugua kwa mapenzi. Lakini dawa ya kung'arishia hula fedha kidogo kila unapoipaka, na kinachotangulia kufutika ni maandishi yaliyochongwa: mwaka na mji. Tumia kitambaa laini kikavu, basi. Na ile mipira uliyofungia boksi itoe leo. Mpira una salfa, na salfa ndiyo inayoitia fedha weusi.

Bizimu tutalisamehe. Ninachoshindwa kukisahau ni ile asubuhi baada ya mazishi: meza ya jikoni, mkasi wa Mama, albamu wazi, nawe unakata kurasa ili kila mjukuu apate picha tatu. Watoto walikuwa wanalia, ulitaka kuwatuliza. Lakini nyuma ya kila picha ya kazi yake ya stanti, yaani kuigiza vitendo vya hatari kwenye filamu badala ya steringi, Babu alibana karatasi kwa klipu: ratiba ya siku ya kupiga filamu, au hati ya malipo. Ukazichomoa moja moja ukazitia motoni. Ukasema, "Takataka."

Mpanda farasi wa rodeo, yale mashindano ya Marekani ya kupanda farasi wakali, ana pa kutambulikia. Namba aliyovaa mgongoni imo kwenye programu ya mashindano pamoja na jina lake, kwa hiyo hata uso usipoonekana anajulikana. Wapiga picha kama Ralph Doubleday waliandika jina la mpandaji na la farasi juu ya negativu yenyewe. Mtu wa stanti hana hayo. Kazi yake ni kutojulikana. Anavaa kofia na shati la steringi, kamera inamchukua kwa mgongo, na zamani zile aghalabu jina lake halikuonekana mwisho wa filamu. Yakima Canutt, mtu wa stanti, alikuwa bingwa wa rodeo ya Pendleton, Oregon, mwaka 1917, 1919, 1920 na 1923, kisha akapita chini kwa chini katikati ya farasi sita na gari lao kwenye filamu ya Stagecoach ya 1939. Tuzo ya heshima ya Oscar ilimfikia 1967. Huyo ndiye mkubwa wao! Babu yetu alikuwa na karatasi zake tu.

Sasa ile picha iliyoko sebuleni kwako, farasi yuko chini na Babu yuko hewani. Unawaambia watoto kuwa hapo Babu alipata ajali. Haikuwa ajali. Zamani farasi waliangushwa kwa nyaya zilizofungwa miguu ya mbele, zikapita kwenye pete chini ya tumbo hadi kigingi ardhini. Waya ukikaza, miguu inang'olewa chini yake akiwa mbioni. Wengi walivunjika shingo au miguu. Baada ya farasi kufa kwenye filamu ya Jesse James ya 1939, shirika la American Humane lilianza kusimamia mambo hayo Hollywood mwaka 1940. Farasi wa Babu alifundishwa kuanguka. Wanachimba shimo, wanalijaza mchanga na udongo uliotifuliwa, mpandaji anatoa miguu kwenye vikuku vya kukanyagia, anavuta hatamu moja mpaka kichwa kigeuke ubavuni, farasi analala. Mguu ukibaki kwenye kikuku cha kawaida, unaburutwa. Ndiyo maana Canutt alibuni kikuku cha umbo la L, upande mmoja wazi, mguu uchomoke wenyewe. Kitazame pichani, kinaonekana.

Hati uliyoichoma ilitaja jina la farasi yule na kiasi alicholipwa Babu kwa mwanguko mmoja. Alilipwa kwa kuanguka vizuri, na wajukuu zake wanaambiwa aliteleza.

Utasema boksi la picha lilikaa kwangu miaka minne nami sikuandika hata jina moja nyuma yake. Kweli. Nilingoja Babu apate nafuu anisomee mwenyewe, kwani jina la kubahatisha likishaandikwa watu hulishika kama kweli. Wewe ungeandika tu, kwa peni, na wino ungetokeza mbele. Kungoja si kosa sawa na kuchoma. Nimeliwaza hili usiku mwingi, na bado nasema si sawa.

Zikusanye picha kwa watoto, kwa upole, usiwagombeze. Andika nyuma, pembeni, kwa penseli laini ya 2B, yale tu unayoyajua. Selotepu usiiguse. Skani pande zote mbili kwa 600 dpi (nukta kwa inchi). Zile rili za filamu za milimita 8 zinuse: yenye harufu ya siki imeanza kuoza, itenge na wenzake maana mvuke wake huambukiza, na usiiweke kwenye projekta, ikishasinyaa matundu hayakai kwenye meno ya mashine, inachanika. Ukingoni, karibu na neno Kodak, kuna alama za duara, pembetatu na mraba. Hizo hutaja mwaka utepe wenyewe ulipotengenezwa kiwandani, ila zilijirudia kila baada ya miaka 20, basi zilinganishe na gari au nguo zinazoonekana.

Karatasi moja ilipona. Imegandia nyuma ya picha niliyopewa mimi, na sijaibandua. Inataka uzi wa kusafishia meno, usio na ladha, upitishwe taratibu, mmoja ashike picha na mwingine avute. Njoo Jumamosi. Uje na zako.

Dada yako