Mwanza raha za bure zipo, ila ziwa tusifungiwe

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Mwanza. Nalisoma gazeti lako muda mrefu sasa na huwa naona mji wetu ukitajwa basi ni ajali, ni mwizi kapigwa, au kiongozi kaja kuzindua kitu. Na ndugu zetu wa Dar nao wakija huku, siku ya pili tu wanaanza eti ukishapiga picha pale jiwe la Bismarck huna tena cha kuangalia. Linaniuma sana hilo kwa sababu huu mji una burudani kila kona na nyingi hulipii hata shilingi, ila kuna moja kubwa ndo naona inatuponyoka na hiyo ndo imenifanya nishike simu niandike.

Anza na sisi tunaokaa milimani, Mabatini, Igogo, Bugarika huko. Ukitaka kuchangamka subiri mtu ahamie. Gari linaishia chini barabarani, bodaboda nayo ina mwisho wake, kutoka hapo ni miguu na mawe. Juzijuzi kuna familia imehamia jirani yetu, vijana wamebeba sofa lile kubwa la watu watatu, wamefika pale njia inapopenya katikati ya mawe mawili sofa likagoma, ukilaza halipiti, ukisimamisha halipiti. Basi mtaa mzima nje, kila mtu fundi. Bibi mmoja kakaa mlangoni kwake anachambua mchicha na huku anaelekeza "lilazeni, lilazeni tumbo juu", kijana wa maji katua madumu yake anasema hapana hilo lipitie juu ya jiwe, na mama mwenye sofa yeye wasiwasi wake kitambaa tu kisichanike. Mwisho likapitishwa juu ya jiwe kweli, wengine wanasukuma, wengine wanavuta na kamba ya kuanikia nguo, likashuka upande wa pili watu wakapiga makofi, na yule mama siku ya kwanza tu kashajulikana mtaa mzima na bibi kashampa fungu la mchicha. Mtu anayekaa ghorofani Dar hapati hiyo, anahama hata jirani wa mlango wa pili hajui.

Na kwenye mawe hayohayo asubuhi jua likichomoza wanatoka wale mijusi dume, kichwa na mabega rangi ya waridi, mwili bluu. Anapanda juu kabisa ya jiwe pasipo na mwingine, anatikisa kichwa, anapiga pushapu, akitokea dume mwenzake anaongeza kasi mpaka mmoja ashuke. Wataalamu wanamuita Agama mwanzae, yani mji wetu umo mpaka kwenye jina lake la kisayansi, na kuna watu wanakuja na makamera makubwa kumtafuta wakati sisi tunamuona tukipiga mswaki. Pimbi nao wapo kwenye mawe ya juu zaidi, ila hao wana aibu.

Ukishuka kule Kirumba, soko la samaki la Mwaloni, kuna ndege makorongo. Mgeni anawaogopa maana ni wakubwa na upara ule hauvutii, lakini kaa uangalie mmoja pale anaposimama pembeni ya mama anayepaa samaki. Macho yote kwenye kisu. Kisu kikienda kichwani mwa sato korongo anasogea hatua moja, utumbo ukitoka anasogea nyingine, mama anamfukuza na mpini, "toka wewe, jana si umekula", anarudi nyuma hatua mbili kwa adabu kabisa halafu anaanza tena upya. Nimeona watoto wametumwa samaki wakasahau kilichowaleta, na siwalaumu.

Hapohapo Mwaloni utajifunza kusoma mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, samaki wanafuata mwanga, sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa zima jeupe na taa haina kazi, kwa hiyo wavuvi wengi wanapumzika. Ndo maana mama yeyote anayeuza dagaa, wale wanaoanikwa wakapakiwa magunia mpaka Kongo na Burundi, ukimuuliza bei anakujibu kwa habari za giza na mbalamwezi. Siku za giza sasa, ukiwa mlimani saa mbili usiku unaona taa zimejipanga ziwani huko mbali mpaka mgeni anauliza ule ni mji gani. Watoto wetu wanazihesabu wanabishana, umeme ukikatika ndo raha zaidi.

Daladala sisemi sana maana kila mji una zake, ila ile ya mzee kupanda asubuhi Igoma akaamkia gari zima kwa Kisukuma "mwangaluka" na gari zima likaitika, mpaka Wahaya na Wakurya waliomo, hiyo naiona huku na naipenda mno.

Sasa nifike kwenye ziwa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lile la kilomita 3, hakuna tena kukaa kusubiri kivuko. Sina majonzi nalo hata kidogo, wagonjwa wa kwenda Bugando wamesubiri sana pale na daraja limekuja kutuokoa. Lakini pale kwenye foleni ndo mahali ambapo watu wengi, hata waliobanwa na kazi mwaka mzima, walikuwa wanajikuta wamekaa wakayatazama maji wanakula mahindi ya kuchoma na mtu wasiyemjua. Mjini kwenyewe sehemu ya hivyo inazidi kuwa adimu. Ukitembea kufuata maji unakutana na ukuta, mbele kidogo yadi, mbele tena geti lenye mlinzi.

Mama yangu mzazi alikuja kututembelea kutoka Maswa, hajawahi kukaa na ziwa, akasema hataki kitu kingine anataka akae tu aangalie meli zinavyoingia. Tukaenda sehemu moja sitaitaja, tumekaa kidogo kijana kaja na menyu, tukasema ahsante tumeshakula, baada ya muda kaja mlinzi, kwa upole lakini kaja, kwamba hapa ni kwa wateja. Mama akaniuliza kwa Kisukuma, kwani ziwa nalo lina mwenyewe? Nikanunua soda mbili tukabaki, lakini mama hakuifurahia tena ile meli, alikuwa anaangalia chupa isije ikaisha tukafukuzwa.

Sina ugomvi na wenye hoteli, wameajiri vijana wetu na wengine wametunza miti vizuri. Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Najua waliiweka kwa ajili ya kulinda maji na fukwe, hawakuwa wanawaza watu kupunga upepo, lakini mita hizo zikiachwa wazi kweli faida ni zote mbili, samaki wanapata mazalia na mtoto wa Mabatini anapata pa kukaa na mama yake. Kama nusu nzima ya ziwa hili iko upande wa Tanzania, haiingii akilini mtu wa Mwanza anunue soda ndo alione. Kisiwa cha Saanane kipo karibu kabisa na ni hifadhi ya taifa, kizuri sana, ila huko kuna kiingilio na boti, siyo pa kwenda kila Jumapili na watoto wanne.

Ninachoomba siyo kikubwa. Halmashauri ya Jiji na wenzao wa Manispaa ya Ilemela wapite ufukweni kwa miguu, siyo kwa gari, kuanzia pale Kamanga mpaka upande wa Kirumba, popote penye upenyo unaofika majini wapaandike kuwa ni pa umma, wapande miti ya kivuli, waweke mabenchi ya zege yasiyoibika, mapipa ya taka na choo kimoja kinachofungwa vizuri. Mama wa mahindi na wa karanga waachwe wafanye biashara zao hapo, hao hawamfukuzi mtu. Na bajeti mpya inaanza Julai, kwa hiyo madiwani wetu walisemee hili kwenye vikao vya kabla ya hapo, wakisubiri ipite tutaambiwa fungu hakuna.

Mkazi wa Mabatini,
Mwanza