Wiki haina usiku kumi: barua kwa wanangu wenye studio nyumbani

Wanangu mnaokula kwa kamera huku mnalea watoto wadogo,

Nawasalimu nyote. Mimi na marehemu mume wangu tuliendesha studio ya picha kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, tukalea watoto watatu kwenye vyumba vya nyuma. Yeye alipiga, mimi nilisafisha na kuchapa. Kibao cha nje kilikuwa na jina lake peke yake, na wateja wakinikuta mimi waliuliza, "Mwenyewe yupo?" Mwenyewe alikuwa huyo huyo aliyesimama mbele yao, mikono imelowa dawa hadi viwikoni. Hilo nitalirudia, maana naona hata leo halijaisha.

Mnanijia mmoja mmoja, wengine mtoto mgongoni, mnaniuliza nilimudu vipi. Sikumudu. Ndiyo sababu nimeona niwaandikie wote kwa mpigo.

Wengi wenu hamkukijua chumba cha giza, kile tulichosafishia picha kwa dawa bila mwanga wa nje. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe ukiitia kwenye trei ya kwanza ya dawa, inahitaji kama dakika moja na nusu au mbili hadi picha itokee yote. Mlango ukifunguliwa katikati, mwanga ukaingia, karatasi inakuwa nyeusi tii na kazi imeharibika. Jioni moja mwanangu wa pili, hajatimiza miaka miwili, alikuwa anaupiga ule mlango kwa viganja na kulia. Ndani, chini ya taa nyekundu, mtoto wa watu alikuwa anajitokeza taratibu kwenye karatasi, anacheka. Nilisubiri dakika za trei ya kwanza. Nikasubiri za trei ya pili, kisha za tatu. Kulikuwa na karatasi nyingine nane za oda ile ile, na mteja angekuja asubuhi. Nilipofungua nilimkuta amelala pale pale sakafuni.

Kwa miaka mingi niliuchukia mlango ule. Uzeeni nimegundua kwamba ulinisaidia kuliko nilivyojua. Picha hazikuweza kusafishwa jikoni huku unamlisha mtoto, wala kitandani huku unamnyonyesha. Nikiwa ndani niko ndani, nikitoka nimetoka, na watoto walilijua hilo. Ninyi mna kompyuta, na kompyuta haina mlango. Unaifungua wakati wowote, unasema "nimalizie hizi tano tu," na mtoto ameketi miguuni pako akikuona upo, lakini haupo. Mimi mwanangu alilia kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Wenu hajui hata agonge wapi.

Chukueni kalamu tuhesabu. Harusi moja, saa 8 za kupiga. Mnarudi na picha 2,000, na najua wapo wanaorudi na 4,000. Kuzipitia na kuchagua, hata ukiipa kila moja sekunde 3, ni dakika 100. Mmebaki na 400. Kila moja ukiihariri kwa dakika 2, mwanga, rangi, kukata pembeni, hizo ni dakika 800. Jumla dakika 900, yaani saa 15. Hapo sijataja albamu, simu za mteja, wala yule shangazi anayetaka tumbo lake lipunguzwe.

Saa 15 hizo mtazipata lini? Mchana mtoto yuko macho. Basi ni saa tatu usiku hadi saa sita, saa 3 kwa siku. Harusi moja imekula usiku 5. Mkichukua mbili kwa wiki moja mmejiuzia usiku 10, na wiki haina usiku kumi. Zile 3 zilizozidi zinatoka wapi? Zinatoka kwenye saa za mtoto, au kwenye usingizi wenu, na anayekosa usingizi saa sita usiku ndiye atakayemfokea mtoto saa kumi na mbili asubuhi kwa kumwaga maji. Nimefanya hivyo. Maji tu.

Kwa hiyo mtu akiuliza bei msimtajie bei ya saa 8. Saa za kazi ile ni 23. Mkiona bei hiyo hailipiki, basi mmegundua mapema kwamba mlikuwa mnafanya kazi ya bure gizani.

Njia ya kwanza ya kurudisha usiku wenu ni kupiga picha chache. Sisi harusi tulikwenda na filamu sita za picha 36, yaani picha 216, na kila ukibonyeza unasikia hela ikitoka. Woga ule ulitufundisha kusubiri. Leo kubonyeza hakuna gharama, ndivyo mnavyodhani. Kuna kamera ambazo watengenezaji wake hukadiria shata, ile pazia ndogo ya ndani inayofunguka na kufunga kila ukibonyeza, itadumu mibonyezo 150,000. Gawanyeni kwa 2,000: harusi 75. Mkipiga 1,000 mmeongeza maisha ya kamera na mmepunguza dakika 50 za kuchagua. Msiuogope ule ukimya kati ya picha na picha.

Njia ya pili, andikeni kwenye makubaliano idadi ya picha na wiki za kusubiri, kabla ya kupokea malipo ya awali. Picha 300 baada ya wiki 5, kwa mfano. Msiandike "picha zote." Na zikiwa tayari kwenye wiki ya 4, hakuna mteja atakayekasirika. Hasira ya mteja huletwa na ahadi ya wiki moja iliyotolewa na mtu mwenye kichanga.

Sasa nirudi kwenye kibao. Mara nyingi mmoja anakwenda kupiga na mwingine anabaki na watoto, na anayebaki huonekana "yuko nyumbani tu." Huyo ndiye anayejibu simu, anayenakili picha, anayekumbuka kwamba Jumamosi kuna kazi na Ijumaa mtoto ana chanjo. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, lakini ilimchukua miaka tisa kusema mbele ya mteja, "Muulize mama, yeye ndiye ofisi." Msisubiri miaka tisa. Anayebaki apate fungu lake lenye jina lake, hata kama ni dogo, na siku moja moja awe yeye anayetoka na begi la kamera. Baba naye abaki na watoto, aone saa 8 za nyumbani zinavyokwenda.

Fedha sitazisema sana, mna watu wa kuwafundisha. Hela ya studio ikae mbali na hela ya jikoni, na malipo ya awali si yenu mpaka kazi iishe: mtoto akiugua siku ya harusi mkashindwa kwenda, yatadaiwa. Kwa hiyo muwe na mpiga picha mwenzenu mnayeaminiana, mkiugua anawashikia, akiugua mnamshikia.

Kuna vitu vidogo vinavyonitia hofu kila nikiingia kwenye studio zenu. Kwanza betri zile bapa kama kitufe, za rimoti na vipima mwanga. Ile yenye namba 2032 ina upana wa milimita 20, na mtoto akiimeza inaweza kukwama kooni na kumchoma ndani kwa muda wa saa mbili tu. Mkishuku kwamba amemeza, msingoje aanze kukohoa na msimtapishe. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Pili, stendi za taa. Wekeni mfuko wa mchanga kwenye mguu wa stendi na gundisheni nyaya sakafuni kwa utepe, maana mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote kilichosimama. Tatu, kadi za memori. Mjukuu wangu alichukua kadi yenye harusi nzima, ikapatikana siku ya nne ndani ya kiatu chake. Wazazi wake walikonda siku zile. Kadi ikitoka kwenye kamera inaingia kwenye kikoba kilichofungwa kiunoni, na usiku huo huo, hata mkiwa hoi, inanakiliwa. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Kadi yenyewe isifutwe hadi mteja awe na picha mkononi.

Limebaki moja ambalo mtaniona mkali. Watu husema mganga hajigangi, na mimi nilitegemea hivyo hivyo, kwamba watoto wa mpiga picha hukosa picha. Wetu walikuwa nazo tele. "Kaa hapo nipime taa." "Geuka kidogo." "Usitikisike." Walikuwa vipimo vyetu vya bure. Yule yule wa pili, alipofika miaka mitano, alianza kufumba macho kila akiona kamera imenyanyuliwa. Tulidhani ni ukaidi. Alikuwa anafunga mlango wake.

Ninyi mnakwenda mbali zaidi, mnamweka mtoto mtandaoni kama tangazo la studio. Anaoga, analia, amevaa sare yenye jina la shule. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake hata mahali ilipopigwa. Mtoto asiyejua kusema "sitaki" hawezi kuwa mfanyakazi wenu. Akishajua kusema, na akasema, shusheni kamera, hata kama mwanga umekaa vizuri kiasi gani. Nunueni mwanasesere mkubwa mpimie taa.

Wapo wanaoniuliza kama kazi ikipunguzwa miaka hii haitakufa. Huwa nawatajia wanawake wawili wa Marekani. Imogen Cunningham alifungua studio Seattle mwaka 1910. Mwaka 1917 familia ilihamia California, studio ikafungwa, na mwaka huo huo akazaa mapacha akiwa tayari na mtoto mwingine mdogo. Hakuweza kutoka, basi akapiga alichokuwa nacho uani: majani, maua. Picha yake ya ua la magnolia ya 1925 inatazamwa hadi leo. Alifariki mwaka 1976 akiwa na miaka 93, na alikuwa bado anapiga picha.

Wa pili ni Dorothea Lange, aliyekuwa na studio ya picha za watu San Francisco. Miaka ya 1930 wanawe wawili walilelewa kwa watu wengine kwa vipindi huku yeye akiwa kazini na safarini. Mwaka 1936 alipiga picha ya mama mhamaji na watoto wake, mojawapo ya picha maarufu kuliko zote za umama. Simhukumu. Ulikuwa wakati wa dhiki kubwa, na mimi mwenyewe nilikuwa nyuma ya mlango siku ile. Lakini kila nikiiona picha hiyo nawawaza wavulana wale wawili.

Basi leo usiku, watoto wakilala, msifungue kompyuta. Chukueni kalenda ya miezi mitatu ijayo. Kwa kila kazi mliyokwisha kupokea, wekeni alama kwenye usiku 5 zinazoifuata. Mtaona wenyewe ni wiki zipi zimejaa hadi zikamwagika. Mteja wa pili wa wiki hizo mpigieni kesho asubuhi, kabla hajachapisha kadi za mwaliko, mumpe namba ya yule mwenzenu.

Mimi mama yenu,
niliyekuwa nikisafisha picha