Idd Mubarak, jamaa wa Abunuwasi

Assalaam alaykum, jamaa zangu tunaotumiana hadithi za Abunuwasi kwenye simu. Mwezi umeandama. Wapo waliokula Idd jana pamoja na Maka, wapo wanaokula leo, na wapo ambao hadi naandika haya wangali wamekodolea macho mbinguni. Wote nawapa mkono. Idd Mubarak, kullu aam wa antum bikheri. Mola azipokee funga zetu, atusamehe tulipoteleza, na atufikishe mwakani tukiwa wazima wa afya. Ndugu zetu Wakristo mlio nasi, ambao Krismasi mlitupa hadithi za Sungura na Fisi hadi tukachoka kucheka, salamu zenu ni hizi hizi. Pilau haina dini.

Mwaka umekuwa mgumu, sina haja ya kuwaficha. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na fundi huijua hali ya mji kabla ya mtu wa benki. Kumi la mwisho la Ramadhani ndilo letu. Miaka mingine kina mama huja na kitambaa kipya kwapani, wakagombania nani ashonewe kwanza. Safari hii wengi walikuja na gauni la mtoto la mwaka jana: "Fundi, niteremshie pindo." Ukifumua pindo la gauni lililofuliwa mwaka mzima, ndani unakuta ukanda wa rangi ile ya dukani, bado imekoza, na juu yake kitambaa chote kimepauka. Ukiliteremsha hivyo hivyo kila mtu atajua. Basi nimefunika kwa lesi, gauni baada ya gauni. Mkimwona mtoto wa Tanga leo ana lesi pindoni, msimuulize mama yake kitu. Semeni amependeza, mpeni mkono wa Idd, mpite.

Sukari mnaijua, mchele mnaujua, mafuta ya kupikia siyataji nisiharibu siku. Hata bando siku hizi hukatika kabla mtu hajamaliza kusoma salamu.

Ndiyo maana desturi yetu ya kupeana hadithi siku ya Idd nimezidi kuipenda. Haihitaji kitambaa wala lesi. Mtu anamchukua Abunuwasi, anamweka mahali ambapo hajapata kuwekwa, anawatumia wenzake, basi. Ile sufuria iliyozaa kisha ikafa tumeshaigeuza sana. Mwenzetu wa Mombasa aliifanya simu: Abunuwasi akaazima simu ya jirani, akairudisha na chaja mpya, "pokea, imezaa". Jirani akapokea bila kuuliza. Ilipoazimwa mara ya pili, jibu likawa simu imekufa, na jirani akashinda kutwa anatafuta umeme wa kuifufua. Mimi nilicheka nikakosea mshono.

Mpwa wangu aliyeko chuoni ananiambia Ulaya na Marekani nao wana jambo kama letu. Linaitwa Yuletide, limeanza mwaka 2003. Mtu anaomba aandikiwe hadithi ya wahusika anaowapenda, hasa wale wasioandikwa na wengi, na mtu mwingine asiyemjua anamwandikia, maneno yasiyopungua 1,000. Hadithi zinafunguliwa siku ya Krismasi, na majina ya walioandika yanafichwa mpaka tarehe 1 Januari. Ghala la mtandaoni wanakoziweka liliwahi hata kupewa tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kubuni za sayansi na maajabu, mwaka 2019. Nimefurahi kusikia, na hilo la kuficha majina nimelipenda. Mngekuwa mnahangaika kukisia nani kaandika nini mpaka zile funga sita za Shawwal ziishe.

Ila sikushangaa. Mwenyewe Abunuwasi alipatikana vipi? Yule mtu wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid, akafariki mnamo mwaka 814 hivi. Mashairi yaliyompa jina ni ya mvinyo, na hili nalisema kwa sauti ndogo maana leo ni Idd. Sufuria ya jirani, punda, ile nyumba ya angani aliyomjengea Sultani kwa tiara na kengele, vyote hivyo ni nyongeza za wasimulizi waliompenda, mdomo kwa mdomo, hadi akafika pwani yetu akiwa mtu wa mtaani anayedaiwa kila duka. Hakuna aliyeomba ruhusa kumwongezea kisa. Na hakuna aliyesema huyu ni wangu peke yangu.

Mwaka huu tumepungua, jamaa. Shangazi yetu wa Maskati alitutoka mwezi wa Rajabu. Mnamkumbuka: aliondoka Unguja akiwa msichana, akazeekea kule, na Kiswahili chake hakikupata kutu hata kidogo. Kila ukituma hadithi, sauti yake ndiyo ya kwanza kuingia, kwanza kikohozi, kisha kicheko, kisha hukumu. "Abunuwasi gani huyu anayesema poa? Futa." Na ulikuwa unafuta.

Ujumbe wake wa mwisho kwangu haukuwa na kicheko. Aliniambia: "Mwanangu, huyu Abunuwasi mbona hazeeki? Mimi nimezeeka, yeye yuko vile vile tangu nikiwa mdogo. Mwandike basi naye aumwe magoti." Nikamjibu Idd ikifika, inshallah. Ile sauti bado ninayo kwenye simu. Kuna siku naifungua usiku cherehani ikishanyamaza, namsikia anavyovuta pumzi kabla ya kusema "mwanangu", na sijui kwa nini hapo ndipo ninapoizima. Mola amrehemu, ampe kauli thabiti, na wote waliotutangulia. Amin.

Basi nimemwandika. Abunuwasi wa mwaka huu ni mzee, magoti hayakunjiki, amekuwa fundi cherehani kwa sababu ni kazi ya kukaa. Tajiri wa mji anamwagiza kanzu ya Idd. "Shona haraka. Malipo yatafuata nyuma." Usiku wa mwezi muandamo tajiri anakuja kuchukua, anapewa upande wa mbele tu, umetiwa kamba za kufungia mgongoni. "Nyuma iko wapi?" Abunuwasi anamwambia: "Bwana, nyuma nayo itafuata nyuma." Tajiri hana nguo nyingine ya kulingana na cheo chake, wala hataki kufungua mfuko, kwa hiyo anavaa hivyo hivyo na kutupia joho juu. Asubuhi uwanjani pepo za bahari zinavuma. Abunuwasi, kwa ajili ya magoti, amewekewa kiti safu ya nyuma kabisa, na kwa mara ya kwanza magoti yale yanamfaa, maana akiwa pale anauona uwanja wote. Ya wakati wa rukuu mtayasoma wenyewe.

Sasa niseme na nasaha, maana anayeshika kalamu siku ya Idd akanyamaza tu atalaumiwa. Fitri ni kabla ya sala. Pishi ya mchele ikitoka baada ya sala ni sadaka kama sadaka nyingine. Mlipeni fundi wenu. Mlipeni na muuza mkaa. Msichukue hadithi ya mwenzenu mkalifuta jina lake na kuieneza kama yenu. Aliyeiandika alikaa macho hadi daku, na malipo yake ni jina hilo tu. Ukisoma ukacheka, mwambie, hata neno moja, kwani aliyeko upande wa pili haoni uso wako. Wazazi, watoto wenu wanawajua mashujaa wote wa kwenye katuni wanaopaa angani, na Abunuwasi hawamjui hata kwa jina. Leo baada ya pilau zimeni televisheni, semeni paukwa, mwone kama hawatajifunza kuitikia pakawa. Vijana, wapigieni wazee wenu waulizeni visa walivyosimuliwa wao, mviandike kwa lafudhi yao, makosa yao msiyasahihishe. Mtembelee wagonjwa. Na sita za Shawwal msizisahau, tumbo litapumzika na mfuko nao.

Hadithi nitaituma usiku huu baada ya Isha, kwa vipande vitatu, kwa ajili ya wenye bando dogo. Anayetaka kuandika tajiri alivyorudi nyumbani, aandike. Mimi nimemwacha uwanjani.