Barua kwa somo yangu aliye Ruangwa

Shangani, Mtwara
9 Juni

Kwako somo yangu Zainabu,

Salaam nyingi zikufikie huko Ruangwa, wewe na watoto, na mama mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku hatujambo. Kusi limeanza kuvuma na alfajiri tunajifunika shuka mbili. Barua yako nilipewa na kijana wa basi siku ya Jumatano, nikaisoma palepale stendi nimesimama. Kumbe umejiandikisha mtihani wa maarifa, ule wa wanaotaka kufanya kidato cha nne kwa kujitegemea! Nimefurahi mpaka nikamweleza mama ntilie wa pale ambaye hata hakujui.

Swali lako la kemia ni moja tu, lakini nimetembea nalo siku tatu. Umeandika: “Kwa nini kaboni dayoksaidi inatajwa ‘dai’, na magnesiamu kloraidi haitajwi, wakati zote zina mbili?” Yaani oksijeni mbili kwenye CO₂, klorini mbili kwenye MgCl₂, na “dai” maana yake mbili. Somo, hilo ni swali la siku ile. Sijaisahau. Tuko kidato cha pili, mwalimu kaandika MgCl₂ ubaoni, kakunyanyua, nawe ukajibu kwa sauti: magnesiamu daikloraidi. Darasa zima likacheka. Ukaambiwa umekosa, ukae, akanyanyuliwa mwingine akapatia. Hakuna aliyekwambia umekosa wapi. Mimi niliyekaa nawe dawati moja nilikuwa nimekariri tu, nisingeweza kukusaidia. Leo nafundisha somo hilohilo, na kila mwaka nikifika kwenye MgCl₂ nakuona umesimama. Wewe ulizitazama klorini ukazihesabu, ukaona mbili, ukasema mbili. Hiyo ni akili ya mkemia. Kilichokosekana ni mtu wa kukueleza kwamba jina la kampaundi, yaani kitu kilichotokana na elementi mbili au zaidi kuungana, linafuata namna atomu zake zilivyoungana, na kwamba kuna muungano unaodai hesabu itajwe na mwingine usiodai.

Twende taratibu, tuanzie kwenye chumvi.

Unayakumbuka majaruba ya chumvi tuliyokuwa tukiyapita tukienda kwa bibi? Maji ya bahari yanazuiwa kwenye vitalu, jua linayala kidogo kidogo, mwisho chini kunabaki weupe. Weupe ule kwa sehemu kubwa ni sodiamu kloraidi. Sodiamu ina elektroni 11, zimejipanga kwenye maganda yake 2, 8, 1. Klorini ina 17, zimejipanga 2, 8, 7. Sodiamu ina moja nje inayoiachia upesi. Klorini imepungukiwa moja tu kufikia nane, idadi inayoituliza. Basi sodiamu inatoa, klorini inapokea. Elektroni ina chaji hasi, kwa hiyo aliyetoa anabaki na chaji chanya, aliyepokea anakuwa na chaji hasi, na chanya na hasi huvutana. Atomu yenye chaji hivyo huitwa ioni. Mvutano huo ndio bondi ya ioni. Nishati ya mvutano huo ni kubwa: chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka ifike nyuzi 801 za Selsiasi. Sodiamu peke yake ni metali laini, unaikata kwa kisu, lakini ukiitia majini inachachamaa na inaweza kuwaka, ndiyo maana maabara huihifadhi ndani ya mafuta. Klorini peke yake ni gesi ya rangi ya kijani na njano, tena ya sumu. Vikishapeana elektroni, tunatia kwenye mboga.

Sasa sikiliza hapa, ndipo jibu lilipo. Ndani ya punje ya chumvi hakuna sodiamu mmoja aliyeshikana na klorini wake wakakaa wawili pembeni. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za kloraidi, na kila kloraidi imezungukwa na sodiamu sita, wanaendelea hivyo mpaka mwisho wa punje. NaCl haituambii “wawili hawa”. Inatuambia uwiano: kwa kila mmoja, mmoja. Ukija kwa magnesiamu, elektroni zake ni 2, 8, 2. Inatoa mbili. Klorini moja inapokea moja tu, kwa hiyo zinatakiwa mbili ili chaji zilingane. Hakuna namna nyingine. Magnesiamu haitoi moja leo na tatu kesho. Kwa hiyo mtu akisikia “magnesiamu kloraidi” tayari anajua klorini ni mbili, na kumwongezea “dai” ni kama kumwambia mtu, “Nimemwona mama yako mmoja sokoni.” Huyo mmoja si uongo. Ila hana kazi, maana mama ni mmoja tangu mwanzo.

Kwa kaboni mambo ni mengine. Kaboni ina elektroni 6: 2 na 4. Kutoa nne ni gharama kubwa, kupokea nne vilevile. Simetali, yaani elementi zisizo metali kama kaboni, oksijeni na klorini, zikikutana hakuna anayetaka kutoa, basi hushirikiana: kila mmoja anaweka elektroni yake mezani, na jozi ile inahesabiwa kwa wote wawili. Mmarekani Gilbert Lewis aliliandika wazo hilo mwaka 1916. Gesi ya Msimbati, ile inayotoka Mnazi Bay na kwenda mpaka Dar es Salaam kwa bomba, kwa sehemu kubwa ni methani, CH₄: kaboni mmoja katikati, haidrojeni wanne, jozi nne za ushirika. Hapa molekuli ni kitu kamili, unaweza kusema “hii hapa moja”. Ndiyo maana ni gesi na chumvi ni jiwe. Ndani ya molekuli bondi ni imara, lakini molekuli moja na jirani yake hazishikani sana.

Washirika hawana mkataba mmoja tu. Kaboni na oksijeni wanaweza kushirikiana mmoja kwa mmoja, CO, au mmoja kwa wawili, CO₂. Ukisema “kaboni oksaidi” ukanyamaza, hujasema kitu. Tena hapa si suala la maksi. Kaboni dayoksaidi, CO₂, tunaitoa puani kila dakika. Kaboni monoksaidi, CO, “mono” ikiwa ni moja, ndiyo inayotoka kwenye jiko la mkaa likiwa chumbani na madirisha yamefungwa. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu anaweza kulala asiamke. Haina harufu, haina rangi. Mtaani kwetu masika yaliyopita tulivunja mlango wa jirani, na tunamshukuru Mungu tuliwahi. Tangu siku ile nikifundisha “mono” na “dai” nasimama, naieleza polepole, na sijali kipindi kikiisha.

Kwa hiyo kabla hujataja jina, jiulize: hapa kuna aliyetoa, au wameshirikiana? Metali na simetali, mara nyingi kuna aliyetoa: taja metali, kisha simetali kwa mwisho wa “-aidi”, usihesabu. Simetali kwa simetali wameshirikiana: hesabu, mono ni moja, dai mbili, trai tatu, penta tano. Fosforasi traikloraidi ni PCl₃, fosforasi pentakloraidi ni PCl₅. Wa kwanza akiwa mmoja haambiwi “mono”. Ni desturi tu, ikubali.

Najua utaniuliza kuhusu chuma, maana kwenye daftari lako lile kulikuwa na namba za Kirumi na ulizichora duara. Hapa nacheka kwa furaha, kwa sababu mfano ni sisi wenyewe. Nyumbani kwenu ulikuwa Zainabu, basi. Kwetu nami nilikuwa Zainabu, basi. Tulipokutanishwa darasa moja ndipo tukaandikwa Zainabu I na Zainabu II kwenye rejista. Magnesiamu ni mtoto wa jina moja nyumbani kwake. Chuma ana hali mbili: kuna wakati anatoa elektroni mbili, kuna wakati anatoa tatu. FeCl₂ ni chuma(II) kloraidi, FeCl₃ ni chuma(III) kloraidi. Namba hizo zilipendekezwa na Mjerumani Alfred Stock mwaka 1919. Shaba naye ndiyo hivyo, ana I na II.

Lakini angalia mtego, na wanafunzi wangu wengi hunasa hapa: namba ya Kirumi si idadi ya atomu. Ni chaji ya metali. Kutu ya bati, na ule wekundu wa udongo wa kule Newala, asili yake ni chuma(III) na oksijeni. Andika chuma(III) oksaidi: Fe₂O₃. Chuma wawili, oksijeni watatu, na namba ni III. Usiseme III imetoka kwa oksijeni watatu. Kila oksijeni anachukua mbili, watatu wanachukua sita, chuma wawili wanagawana sita, kila mmoja ametoa tatu. Hiyo ndiyo III. Fanya hesabu hiyo mara tano kwa mkono wako mwenyewe, usisome tu.

Kisha kuna miisho ya majina. Chukua pakiti ya chumvi ya dukani, ile yenye madini joto. Kinachotiwa mle huwa ni potasiamu iodeti, si iodaidi. Herufi hizo chache zina maana: “-aidi” ni iodini peke yake na potasiamu, KI, “-eti” ni kwamba iodini amekuja na oksijeni, KIO₃. Ya pili ndiyo hustahimili zaidi joto na unyevu kama wa huku kwetu pwani. Na salfa ni hivyohivyo. Ile ya unga tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na msimu wake ndio huu, si kampaundi, ni elementi: salfa tupu. Wajomba zako watakwambia inavyowasha macho. Ukiichoma inakuwa salfa dayoksaidi, ule moshi unaokaba koo. Ikiungana na metali bila oksijeni ni salfaidi; ikija na oksijeni watatu, SO₃ yenye chaji hasi mbili, ni salfaiti; wanne, ni salfeti. Jasi ya Kilwa, inayotumika kwenye saruji, ni kalsiamu salfeti pamoja na maji. Ndani ya salfeti yenyewe salfa na oksijeni wameshirikiana, lakini kundi zima ndilo lililopokea elektroni na kuvutwa na kalsiamu. Bondi za aina mbili kwenye jiwe moja. Mimi hilo hunipendeza kuliko yote, na sikulijua mpaka nilipofika chuo.

Mtihani utauona kwa Kiingereza, na majina utayaandika kwa Kiingereza. Usiogope. Fikiria kwa Kiswahili ni nani ametoa na nani ameshirikiana, ukishapata, jina litafuata lugha yoyote utakayoliandikia.

Nimempa kijana wa basi mfuko mdogo. Ndani kuna mawe mawili ya chumvi ya jaruba, haijasagwa. Yatazame juani kwa kioo cha kukuzia, cha fundi saa kinatosha. Utaona kingo zimenyooka na pembe mraba. Ule mpangilio wa sita kwa sita niliokueleza ndio unaojitokeza mpaka nje.

Nami nina ombi. Huko kwenu kuna kinywe, yaani grafaiti. Nitafutie kipande, hata cha ukubwa wa kidole. Kinywe ni kaboni tupu, kila atomu imeshirikiana na tatu za jirani na kutandaza karatasi za pembe sita, na karatasi hizo zinateleza moja juu ya nyingine. Ndiyo maana kinaandika. Na kwa kuwa kaboni ana elektroni nne za nje na hapa ametumia tatu kwa majirani zake, ya nne inabaki huru kutembea, ndiyo maana umeme unapita ndani yake. Nataka watoto wakishike, wajipake vidole, halafu tukiweke kati ya betri ya tochi na balbu tuone taa inawaka. Kitabuni wanauona mchoro tu.

Hizi hapa fanya ukimaliza mnada wa ufuta, usijilazimishe usiku ukiwa umechoka: K₂O, N₂O, CuO, Cu₂O, SO₃, CaCO₃, FeS. Pembeni ya kila jina andika ulijiuliza nini kabla ya kulitaja. Ukikosa nitakuandikia umekosa wapi.

Nisalimie wote. Basi hurudi Mtwara Jumamosi, nitakuwepo stendi.

Wako,
Zainabu wa Pili