Kitabu changu kilifika kurasa zote tupu

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya Jumapili iliyopita, ya vijana wanaojitolea kushughulikia maombi ya vitabu vya wasioona, mwanangu alinisomea mara mbili. Mmewasifu, na wanastahili, maana kukesha unaskani kitabu ukurasa baada ya ukurasa bila malipo si kazi ndogo. Lakini hamkumuuliza hata mmoja wetu tunaoomba hivyo vitabu. Nimenyamaza miaka sita, sasa basi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari na sioni tangu utotoni. Januari mwaka jana niliomba kitabu cha kiada cha kidato cha tatu. Baada ya wiki tatu nikatakiwa nitume picha ya jalada. Mimi, nisiyeona! Nikamwita mwanafunzi akanipigia, nikatuma. Kimya. Machi nikaulizwa ni toleo la mwaka gani, nikajibu. Aprili mtu mwingine kabisa akaniomba tena picha ya jalada. Kitabu kikaja Juni, wanafunzi wakijiandaa kwa likizo. Nikavaa visikilizi, nikafungua faili, programu inayonisomea ikasema ukurasa ni mtupu. Wa pili mtupu. Nikashuka hadi wa arobaini, mtupu. Walikuwa wamepiga picha za kurasa wakazituma hivyo hivyo, bila kuzigeuza kuwa maandishi. Hakuna aliyelifungua faili lile kwa NVDA, hiyo programu inayonisomea skrini, na ni ya bure! Nilipolalamika nikaambiwa wanasubiri kibali cha mchapishaji. Kibali gani? Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao 2020, unazitaka nchi ziruhusu nakala za wasioona zitengenezwe bila kumwomba mwenye hakimiliki. Wanaoshughulikia maombi yetu hawajui hilo?

Na vitabu vya nukta nundu, yale maandishi tunayosoma kwa kupapasa, navyo vinatia uchungu. Kitabu kimoja cha kawaida kinatoa majuzuu kadhaa manene, na shuleni kwetu yamelazwa stoo chini ya magunia ya mahindi. Juzi nilipapasa juzuu moja, nukta zimelala, kidole kinateleza tu. Vitabu hivi husimamishwa rafuni. Nimemweleza mtunza stoo mara ngapi!

Kwa hao vijana naomba hivi. Kila ombi lishikwe na mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, hadi kitabu kimfikie msomaji. Kabla hajatuma, azime skrini, avae visikilizi, asikilize kurasa tatu: ya kwanza, ya katikati, na moja yenye jedwali, maana kwenye majedwali ndiko mambo huharibika. Asiposikia kitu, asitume. Na wachapishaji wawape faili siku ileile kitabu kinapokwenda mtamboni, ili pasiwe na haja ya kuskani.

Januari hii nimeomba upya kitabu kilekile. Picha ya jalada wanayo tayari.

Mwalimu asiyeona,
Morogoro